Mkwe anasema sikufunga tumbo vizuri

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya, nina miaka 29. Mtoto wa kwanza ana miaka mitatu, wa pili ana miezi saba na ananyonya vizuri. Wote nimejifungua kwa njia ya kawaida, ila huyu wa pili alikuwa mkubwa, kilo 4.2.

Shida yangu ni tumbo. Kwa mtoto wa kwanza lilirudi lenyewe, sikujua hata lilirudi lini. Safari hii limekataa. Asubuhi huwa afadhali, lakini nikishakula na kushinda sokoni, ikifika jioni limejaa mbele, mtu anaweza kuapa kwamba nina mimba ya miezi mitano. Juzi kwenye daladala ya Mwanjelwa kijana aliinuka akanipisha kiti, akasema, "Kaa mama, usije ukamuumiza mtoto." Mtoto mwenyewe nilikuwa nimemwacha nyumbani na bibi yake. Nilikaa, nikashukuru, nikaangalia nje ya dirisha mpaka nashuka.

Mama mkwe alitoka Tukuyu kuja kunitunza uzazi. Alinifunga tumbo kwa kitenge tangu siku ya pili, akawa ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nilivumilia kwa muda, kisha nikawa nakifungua usiku kwa sababu nilikuwa sipumui vizuri, na nikikaa kunyonyesha kinanibana mbavu. Sasa kila akiniona anasema, "Nilikuambia. Hukufunga tumbo vizuri, ndiyo matokeo yake hayo." Hasemi kwa ubaya, ananipenda, ila maneno yananiingia.

Jirani aliniuzia mkanda wa kubana tumbo. Nikiuvaa tumbo linaonekana dogo, nikiuvua liko palepale. Nikaanza mazoezi niliyoyaona kwenye simu, yale ya kulala chali na kuinuka mara nyingi. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonitisha. Nikiinua kichwa, katikati ya tumbo, kuanzia chini ya kifua mpaka kwenye kitovu, linainuka tuta. Nikilaza kichwa linapotea. Haliumi, nikiligusa ni laini. Mmoja kaniambia ni chango, nitafute mizizi. Mwingine kanitumia tangazo la chai ya kupunguza tumbo kwenye grupu la WhatsApp.

Kuna na lingine ambalo hata kuliandika naona aibu. Nikikohoa, nikipiga chafya au nikiinua ndoo ya viazi, mkojo unanitoka kidogo. Nauza viazi sokoni, kwa hiyo kuinua ndiyo kazi yangu. Navaa pedi kila siku ya Mungu. Nilipompeleka mtoto kliniki nilimnong'oneza nesi, akanijibu, "Ndiyo uzazi huo mama, utazoea." Mume wangu habari ya mkojo haijui. Ya tumbo ananitania tu, anasema sasa tuna vitambi wawili ndani ya nyumba. Mimi nacheka, lakini siku hizi nabadilisha nguo gizani.

Naomba kujua: tumbo hili litarudi? Ni kweli nimeliharibu mwenyewe? Na hayo mazoezi niendelee au niache?

Mama wa wawili, Uyole

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa malezi. Pole kwa kubeba yote haya kimya kimya.

Naanza na swali lako la katikati, maana ndilo linalokuumiza kuliko mengine. Hapana, hujaliharibu. Tumbo halikubaki hivyo kwa sababu ulifungua kitenge usiku. Hata ungekifunga miezi saba mfululizo, tuta hilo lingeweza kuwepo.

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka sambamba, mmoja kulia na mmoja kushoto, kutoka kwenye mbavu mpaka kwenye mfupa wa kinena. Katikati yake kuna utepe mgumu wa nyuzinyuzi unaoiunganisha. Mimba inapokua, utepe huo hulainika, huwa mwembamba na hupanuka ili mtoto apate nafasi, na misuli inaachana. Mwisho wa mimba, karibu kwa kila mwanamke misuli hiyo huwa imeachana kwa kiasi fulani. Baada ya kujifungua utepe hujikusanya tena, kwa kasi zaidi katika wiki nane za mwanzo, halafu kasi inapungua. Kwa wengine unabaki mpana na mlegevu. Ukiinua kichwa, misuli miwili inakaza, na vilivyomo ndani ya tumbo vinasukuma pale katikati palipo laini. Ndilo tuta lako hilo. Na jioni, misuli ikiwa imechoka, tumbo lina chakula na gesi, hakuna cha kulishikilia, ndiyo maana linajaa mbele.

Hauko peke yako hata kidogo. Huko Norway walifuatilia wanawake 300 wenye mimba ya kwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wiki sita baada ya kujifungua, 6 kati ya 10 walikuwa bado na mwanya huo wa katikati ya misuli. Miezi sita baadaye walikuwa karibu nusu, na mtoto alipotimiza mwaka walikuwa bado theluthi moja. Na hao walikuwa wa mimba ya kwanza. Wewe umezaa mara mbili, na wa pili ana kilo 4.2.

Watu wengi hudhani tumbo kubwa baada ya uzazi ni mji wa mimba uliokataa kurudi. Mji wa mimba una safari yake. Mtoto akishatoka huwa una uzito wa karibu kilo moja na unapapasika usawa wa kitovu. Baada ya wiki mbili hivi unakuwa umeshuka ndani ya nyonga, huupapasi tena kwa mkono, na kufika wiki ya sita umekaribia ukubwa wake wa zamani. Unajikaza wenyewe, na mtoto anapovuta ziwa anausaidia. Yale maumivu ya tumbo uliyoyasikia siku za mwanzo ulipokuwa ukinyonyesha ndiyo kazi hiyo ikifanyika. Kwa miezi saba, habari ya mji wa mimba kutorudi hatuihesabu tena, labda kama kuna ugonjwa mwingine, nao nitaufikia.

Sasa kitenge cha mama mkwe. Sitaki umwone kama aliyekukosea, wala yeye asijione hivyo akisomewa haya. Mama aliyejifungua jana, akisimama anahisi tumbo lote halina mshikio. Kitambaa kilichozungushwa kwa kiasi kinampa nafuu ya mgongo, kinampa ujasiri wa kutembea, na aliyefanyiwa upasuaji kinamsaidia kukohoa bila kuogopa mshono. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri kwa siku za mwanzo. Kuunganisha misuli hakuwezi, kuyeyusha mafuta hakuwezi. Na kikikazwa mpaka pumzi inakata, nguvu ya tumbo inatafuta pa kwenda, inashuka chini kwenye misuli ya nyonga, ile ile iliyotoka kumpitisha mtoto. Ulivyofungua ulifanya sawa. Mkanda uliouziwa na jirani nao ni hivyo hivyo. Ukitaka kuuvaa saa mbili tatu kwenye sherehe ili gauni likae, vaa. Usiuvae kutwa ukidhani unatibu, kwa sababu misuli inayoshikwa na kitu kingine haijifunzi kushika.

Maji ya moto nayaogopa zaidi. Taulo la uvuguvugu mgongoni halina neno. Ila nimewaona wodini wazazi waliobabuka ngozi ya tumbo kwa sababu ya mapenzi ya mama zao. Aliyepasuliwa asikandwe kabisa juu ya mshono, na hakuna tumbo la mzazi linalotakiwa kukandamizwa kwa nguvu nyumbani. Na kwa kuwa Juni na Julai huku kwetu baridi inakata mifupa, niseme na hili: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha mzazi na kichanga halafu milango ikafungwa. Hewa ile haina harufu na inaua.

Kabla hujafanya zoezi lolote, jipime. Lala chali kitandani, magoti juu, nyayo zimekanyaga godoro. Weka vidole vya mkono mmoja katikati ya tumbo, juu kidogo ya kitovu, ncha zikielekea miguuni. Inua kichwa na mabega kidogo tu. Utahisi kingo mbili za misuli zikikaribia vidole vyako kulia na kushoto. Hesabu vinaingia vidole vingapi katikati. Rudia kwenye kitovu chenyewe, na chini yake. Vidole viwili au chini ya hapo si jambo la kukusumbua. Vikiingia vitatu au zaidi, au vidole vikizama ndani bila kukutana na kitu kigumu, mwanya upo na unahitaji kazi. Andika namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Usijipime kila siku, jipime mara moja kwa mwezi.

Mazoezi ya kuinuka ukiwa chali, yaache kwa sasa. Yanaweza kukufaa siku za mbele, lakini leo yanasukuma pale palipo dhaifu. Kipimo kiwe tuta lenyewe: zoezi lolote likiliinua, zoezi hilo bado ni zito kwako. Kuinua miguu yote miwili ukiwa chali, na lile la kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, nayo yasubiri.

Anza na pumzi. Naona watu wanaidharau kwa sababu haitoi jasho, lakini msuli unaozunguka tumbo lote kwa ndani, ulio chini ya misuli mingine, unaamshwa kwa pumzi. Lala chali vilevile, magoti juu, kiganja kimoja chini ya kitovu. Vuta hewa kwa pua polepole, acha mbavu zipanuke na tumbo lipande. Kisha toa hewa kwa mdomo, midomo imebana, taratibu. Hewa inapotoka, kaza kwanza chini: bana njia ya haja kubwa kama unayezuia upepo, endelea mbele kama unayezuia mkojo, halafu vuta sehemu ya chini ya kitovu iingie ndani kuelekea mgongoni. Matako yasikaze, mapaja yasikaze, mbavu zisisukume chini. Chini ya kiganja utahisi tumbo linajikaza na kubonyea ndani, sio kutokeza. Likitokeza, umesukuma badala ya kuvuta; pumzika uanze upya. Hesabu tatu, achia kabisa, vuta hewa tena. Kuachia ni sehemu ya zoezi, kwani msuli usioachia hauna nguvu ya kukaza.

Fanya hivyo mara kumi asubuhi kabla ya kutoka kitandani, mara kumi mchana, mara kumi usiku mtoto akinyonya. Ukishaizoea, hesabu ifike tano, halafu kumi. Baada ya wiki mbili tatu, ukiwa umekaza hivyo na hewa inatoka, telezesha kisigino kimoja kinyooke kwenye godoro, kirudishe, kisha cha pili. Hapo likishakuwa rahisi na tuta halionekani, ongeza kuinua kiuno juu ukiwa chali, magoti yamekunjwa, na kukishusha polepole. Kutembea kwa mwendo wa haraka ni dawa kubwa, na milima ya Mbeya inatosha kukuchosha. Kukimbia na kurukaruka kusubiri mpaka mkojo usikutoke tena. (Kwa wengine mnaosoma hapa mliojifungua majuzi: pumzi na kukaza chini mnaweza kuanza siku za mwanzo kabisa, aliyewekewa mpira wa mkojo asubiri utolewe. Mazoezi mazito yasubiri mpaka mmeonwa kliniki siku ya 42, na mliopasuliwa msiinue kitu kizito kuliko mtoto kabla ya hapo.)

Zoezi ni dakika chache, lakini siku yako ina saa nyingi, na hapo ndipo tumbo linapoponea au kuharibikia. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Wewe unaibeba kichwani, mtoto mgongoni, unapanda mlima, halafu sokoni unasogeza gunia la lumbesa ambalo hata vijana wawili wanalifanyia hesabu. Kwa miezi mitatu ijayo gunia lisukumwe na wenye kazi hiyo, hata kama ni kwa kulipa mia tano. Viazi pima kwa sado ukiwa umepanga meza kwa urefu wa kiuno, usiiname chini kila mteja akija. Maji beba ndoo ya lita 10 mara mbili. Na kila unapoinua kitu, hata mtoto, karibia kitu chenyewe, kunja magoti, anza kutoa hewa na kukaza chini, ndipo uinue. Wengi tunafanya kinyume: tunaziba pumzi, tunajikaza, tunainua, na hapo ndipo mkojo unapotoka. Kitandani nako usiinuke moja kwa moja mbele. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Na huu mkojo sasa. Yule aliyekuambia utazoea, sikubaliani naye. Mkojo kutoka kwa kukohoa baada ya kuzaa ni kitu cha kawaida kwa maana ya kwamba wanawake wengi wanacho. Haina maana kwamba ukikaa na pedi maisha yako yote ni sawa. Misuli ya chini ya nyonga imetanuka na kuchoka, nayo inaitikia mazoezi kama msuli wa mkono unavyoitikia jembe. Ile kukaza niliyokueleza, ifanye angalau mara nane kwa zamu moja, zamu tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu bila kuacha. Usijifunze kwa kukatisha mkojo chooni, hiyo inavuruga kibofu. Kabla ya chafya au kikohozi, wahi kukaza. Kikohozi chenyewe kitibiwe, na ukipikia kuni, pika penye hewa, kwa sababu moshi unaokukohoza kila asubuhi unasukuma tumbo kila asubuhi. Usipunguze kunywa maji ukidhani utapunguza mkojo. Mkojo mzito unakera kibofu zaidi, na choo kitakuwa kigumu ujikaze, nako ni kusukuma kulekule.

Mume wako mwambie. Sidhani kama anatania kwa ubaya, anaona mnacheka wote. Mwambie usiku mmoja mkiwa mmetulia kwamba misuli ya tumbo imeachana, kwamba ndoo na gunia vinakurudisha nyuma, na kwamba utani wa kitambi unakuumiza. Baba mwenye nyumba akibeba ndoo mbili za maji asubuhi kabla ya kwenda kazini, anakuwa amefanya matibabu. Kama giza hilo unalobadilishia nguo limeanza kuingia moyoni, huna hamu ya chakula wala ya mtoto, unalia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, hilo nalo ni ugonjwa wenye tiba, liseme kliniki.

Mama mkwe naye usibishane naye kuhusu kitenge. Nenda na mjukuu wake, msalimie, mshukuru kwa kukutunza uzazi, kisha mwombe kazi mpya: amshike mtoto kwa dakika kumi asubuhi na kumi jioni ufanye mazoezi. Mama wa Kinyakyusa akipewa jukumu analibeba.

Mizizi ya chango, achana nayo. Tuta unaloliona lina maelezo, na mizizi haikazi utepe. Chai za kupunguza tumbo nyingi zina majani ya kuharisha. Unaenda chooni mara nne, unapungua maji, kiuno kinaonekana kidogo kwa siku moja, na wewe una mtoto anayenyonya. Hujui kilichomo, hujui kinachopita kwenye maziwa. Wala usifunge kula. Mama anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi kwa siku, na misuli haijengwi na njaa. Uzuri ni kwamba unaishi penye chakula: maharage, mayai ukiyapata, usipa wa Ziwa Nyasa, mboga za majani, parachichi la Rungwe, ndizi. Punguza soda, maandazi na chipsi za jioni, na viazi visiwe ndiyo mlo wote kwa sababu tu unaviuza.

Ngozi nayo uielewe. Ule mstari mweusi wa katikati hufifia wenyewe kwa miezi. Michirizi itapauka na kuwa ya kung'aa, haitafutika, na hakuna mafuta yanayoifuta, hata yawe na bei gani. Ngozi iliyolegea hujirudi kwa kiasi, na kiasi hicho kinategemea ulivyozaliwa. Kwa hiyo nikijibu swali lako la kwanza, litarudi? Nguvu itarudi. Tumbo la jioni litapungua, mkojo utakata au utapungua sana, tuta litashuka. Umbo la kabla ya watoto sikuahidi, na mwanya wenyewe unaweza kubaki na kidole kimoja viwili bila madhara yoyote. Angalia unachoweza kuinua bila kuvuja, kuliko kipimo cha kiuno.

Kuna mambo mawili uyahakikishe mapema. Moja, pima mimba. Usikasirike. Mtoto ana miezi saba, ameshaanza kula, na mimba inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi. Kama hakuna, chagueni njia ya uzazi wa mpango. Inashauriwa ipite angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na utepe wako unaihitaji hiyo nafasi. La pili, tumbo lichunguzwe na daktari mara moja, kwa sababu uvimbe kwenye kizazi au kwenye mayai ya uzazi nao hukuza tumbo, na kwa macho hutautofautisha. Uvimbe mara nyingi huwa mgumu na hauondoki ukilala. Lako linalainika, na hiyo ni dalili njema.

Usingoje miezi mitatu ukiona kitovu kimetoa kinundu kisichorudi ndani ukilala, kinauma au kimebadilika rangi, na hasa ukitapika. Hiyo inaweza kuwa ngiri iliyonaswa na ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Nenda pia ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, au mkojo ukiuma, au ukitoka mfululizo bila kukohoa, hata usiku. Na kwa waliojifungua ndani ya wiki sita: damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mshono unaotoa usaha, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi. Hakuna hata moja kati ya hayo la kusubiri kesho.

Kwa hali yako, anzia kituo cha afya cha karibu uombe rufaa ya fiziotherapia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina idara hiyo, na kitengo chake cha wazazi kipo Meta. Wasomaji wa Iringa na Njombe waulize hospitali zao za rufaa za mkoa. Mwanya mkubwa uliokataa mazoezi, au wenye ngiri, unaweza kurekebishwa kwa upasuaji, ila hilo huwa ni kwa aliyemaliza kuzaa na aliyejaribu mazoezi kwa muda wa kutosha. Ukifika usiseme tu "tumbo limelegea", maana utajibiwa tena kwamba ndiyo uzazi. Sema, "Misuli ya tumbo imeachana, vinaingia vidole vitatu," au namba utakayoikuta, "na mkojo unanitoka nikikohoa, tangu nijifungue, miezi saba sasa." Sema kwa sauti ya kawaida. Vaa blauzi na sketi, usivae gauni, ili wakupime tumbo bila kukuvua nguo zote, na nenda na kadi uliyoandika ile namba.